Mtazame Aliye Nyuma Yako



Juma hili ukurasa wetu hauna habari za upishi wala za ushonaji, ingawa sufuria zitatajwa humu ndani. Nataka kuwasimulia safari ya magari manne niliyoifanya nchini Burundi pamoja na jamaa zangu mwishoni mwa mwezi Juni 2019, kwa sababu naona familia nyingi za askari wetu siku hizi zikikusanya magari mawili matatu wakati wa likizo na kuondoka pamoja, nazo huondoka kwa furaha kubwa na maandalizi madogo. Ninyi mlio kambini mnaujua msafara kuliko mimi. Mnajua nafasi ipasayo baina ya gari na gari, mnajua nani hutangulia na nani hufunga nyuma. Lakini msafara wa familia hauna kamanda wala redio ya mawasiliano, na umejaa watoto wanaotaka kujisaidia kila baada ya kilima.

Dada yangu ameolewa Bujumbura. Mumewe ni mtunza ghala katika Zone Industrielle, lile eneo la viwanda lililo karibu na bandari, ambako wakati wa mavuno malori ya kahawa hupanga foleni tangu alfajiri, na upepo ukivuma huleta harufu ya kimea kutoka kiwanda cha bia. Wafanyakazi wa ghala lile na majirani zao walikuwa wamechangishana fedha kidogo kidogo kwa muda wa miezi minane ili waizunguke nchi yao wenyewe. Sikukuu ya uhuru wa Burundi, tarehe 1 Julai, mwaka ule iliangukia Jumatatu, kwa hiyo siku tatu zilipatikana bila ya kumwomba mkuu wa kazi ruhusa. Tulikuwa watu ishirini na watatu. Gari la kwanza lilikuwa la Mzee mmoja, baba mdogo wa shemeji yangu, dereva wa malori aliyestaafu. La pili lilikuwa la fundi wa magari kutoka Buyenzi, mtaa ambao Kiswahili chake na gareji zake vinajulikana mji mzima. La tatu aliliendesha mdogo wake shemeji, aliyekuja likizo kutoka Norway anakoishi. La mwisho lilikuwa basi dogo lenye akina mama, watoto, magodoro na vyombo vyote vya kupikia, likiendeshwa na kijana mmoja wa pale ghalani.

Huyo shemeji wa Norway ndiye aliyetuletea mzozo kabla hata ya safari. Jioni ya Ijumaa, tulipokuwa tukifunga mizigo uani, alisema kuwa anaomba kanuni moja tu: kila dereva awajibike kwa gari lililo nyuma yake. Usipoliona, punguza mwendo. Usipoliona bado, simama. Aliye mbele yako akikuona umesimama, naye atasimama, na hivyo habari itasafiri mpaka kwa kiongozi bila ya simu.

Mzee alicheka. "Mwanangu, nikimtazama wa nyuma, mbele atanitazamia nani?"

Ndipo shemeji akaeleza kanuni hiyo aliipata wapi. Miaka michache nyuma, yeye na wenzake wanaozungumza Kiswahili, watu wa Burundi na wa mashariki ya Kongo, waliondoka Oslo kwa magari manne katika juma la Juni ambalo nchi zile huadhimisha katikati ya kiangazi. Wasweden husimamisha mlingoti uliovikwa majani na maua na kuuzunguka kwa ngoma. Wanorway na Wafini huwasha mioto mikubwa kando ya maji. Walipitia Sweden na Finland wakielekea Nordkapp, ncha ya kaskazini ya Norway, mwendo wa takriban kilomita 2,000. Huko juu jua halizami kuanzia katikati ya Mei hadi mwisho wa Julai. Saa sita ya usiku unaweza kusoma gazeti hili nje ya nyumba, na kulungu wa kaskazini wanaofugwa na Wasami hutembea barabarani kana kwamba ni saa nne asubuhi.

Watu waliozaliwa karibu na ikweta, ambako jua ni mtumishi mwaminifu anayeingia kazini saa kumi na mbili na kutoka saa kumi na mbili, hawakujua hatari ya nuru ile. Mwili wa binadamu hutoa kichocheo cha usingizi giza linapoingia. Pasipo giza, kichocheo hicho huchelewa, na mtu hujiona mzima wakati akili yake imekwisha kuchoka. Wakaendesha, wakaimba, wakaendesha tena. Saa nane ya usiku, jua likiwa limewaka, dereva wa gari la mwisho alisinzia na gari likaingia mtaroni. Hakufa mtu, namshukuru Mungu, bali mwanamke mmoja alivunjika mkono. Wenzao watatu waliokuwa mbele hawakujua lolote mpaka walipofika kituo cha mafuta, kilomita arobaini mbele, wakahesabu magari na kukuta ni matatu.

Nchi zile, kwa hakika, hazifanyi mchezo na barabara. Mkanda tunaofunga leo begani na kiunoni ulitoka katika kiwanda cha Volvo cha Sweden mwaka 1959. Norway iliwawekea madereva kipimo cha pombe kwa sheria tangu mwaka 1936. Tangu mwaka 1977 Sweden iliamuru magari yawashe taa hata mchana. Na katika handaki la Lærdal, nchini Norway, lenye urefu wa kilomita 24 na nusu, lililofunguliwa mwaka 2000, wahandisi walichimba mapango mapana matatu na kuyawekea taa za rangi, kusudi macho ya dereva yaamke kabla hajalala. Watu wa nchi hiyo wametumia fedha kumwamsha dereva. Sisi aghalabu humwachia kazi hiyo Mungu na honi.

Mzee alisikiliza yote, akasema, "Haya, tutaona," akaenda kulala.

Jumamosi asubuhi nchini Burundi wananchi hutoka kufanya kazi za maendeleo za pamoja, na magari huzuiwa mpaka kazi zimalizike. Kwa hiyo tuliondoka karibu saa tano. Mimi nilikaa mbele pamoja na Mzee. Niseme wazi kuwa nilikuwa nimeomba kuendesha, lakini mtu wa Kigoma aliyezoea kushika upande wa kushoto anapoingia Burundi hupaswa kushika wa kulia, na nilipojaribu kulitoa gari getini nilikwenda moja kwa moja upande usio wangu. Wasweden walipohamia upande wa kulia walihama taifa zima kwa siku moja, tarehe 3 Septemba 1967, saa kumi na moja alfajiri. Mimi peke yangu sikuweza, nikanyang'anywa usukani kwa heshima.

Kutoka Bujumbura barabara huupanda mlima kama ngazi. Mji uko kwenye mita 770 na ziada, sawa na ziwa. Bugarama, kilomita zipatazo 35 tu juu yake, iko zaidi ya mita 2,000. Katika kona zile utawaona vijana wa baiskeli wameshika nyuma ya malori yanayopanda, wakivutwa bure, na wengine wakiteremka na mikungu ya ndizi na magunia ya makaa kwa kasi inayomfanya mama afumbe macho. Mzee aliwapita kwa utaratibu, hakupiga honi hata mara moja. Nilimtazama: jicho lake lilikuwa mbele daima. Kioo cha nyuma kilikuwa kimegeukia juu, kinaonyesha paa la gari.

Nilimwuliza kwa nini. Akaniambia kuwa aliendesha lori la kahawa katika barabara hii miaka yote ya vita iliyoanza mwaka 1993. Nyakati za hatari magari yalikusanywa na kupandishwa pamoja, wanajeshi mbele na nyuma, na mengine yalijaribu peke yao. Tarehe 28 Desemba 2000 basi lililotoka Kigali lilishambuliwa katika milima hii, karibu kabisa na Bujumbura, na watu 21 wakauawa. "Binti," aliniambia, "siku zile aliyebaki nyuma alikuwa amebaki. Ukisimama, mnakuwa wawili." Hakuongeza neno, nami sikuuliza tena. Bugarama tulinunua kabichi, karoti na vitunguu kwa bei ambayo akina mama waliizungumzia mpaka Muramvya.

Gitega tulifika alasiri, tukalala huko. Bunge la Burundi lilikuwa limepitisha mwezi Januari mwaka ule ule kuwa mji huo uwe makao makuu ya kisiasa, na wenyeji walikuwa wakijadili bei za viwanja. Kwa walinzi wa jikoni niongeze hili: chakula cha watu ishirini na watatu usikipike njiani siku ya kwanza. Dada yangu alichemsha maharage Ijumaa, akakausha ndagala, kama wanavyowaita dagaa wa ziwani, akafunga viazi vitamu katika majani ya migomba, na chai ikatiwa katika chupa nne. Gitega tulipasha moto tu. Maji tulibeba lita 60, na yote yaliisha.

Kosa letu lilikuwa Jumapili. Tulitaka kuona kila kitu. Asubuhi tulikwenda Gishora kuwaona wapiga ngoma, wale ambao ngoma yao ya kifalme iliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu mwaka 2014, na hakuna aliyetaka kuondoka. Kisha tukashuka kusini hadi maporomoko ya Karera huko Rutana, ambako maji huanguka katikati ya msitu kwa mikondo kadhaa, na watoto wakaloa, wakabadilishwa nguo, wakaloa tena. Tulipofika Rutovu, kwenye chemchemi ya kusini kuliko zote katika mto Nile, ilikuwa yakaribia saa kumi. Juu ya kilima pana piramidi ndogo ya mawe iliyojengwa mwaka 1938. Chini yake maji hutoka katika bomba, membamba kama ya kunawia mikono, yakaenda Ruvyironza, na Ruvubu, na Kagera, na Ziwa Viktoria, hata Misri. Mtoto mmoja aliweka kiganja akauzuia mto Nile kwa muda wa kuhesabu hadi tano. Picha zikapigwa. Saa zikapita.

Shemeji wa Norway alishauri tulale huko au Bururi. Alisema kuwa kule alikotoka nuru nyingi ndiyo iliyowadanganya, na huku uchache wake utatudanganya vilevile, kwa kuwa katika nchi zetu jioni haina subira: jua likigusa kilima, umebakiwa na nusu saa. Lakini vyumba vilikuwa vimelipiwa Rumonge, na fedha iliyochangwa kwa miezi minane ina sauti kubwa kuliko ya mtu mmoja. Tukaendelea. Tuliipita Bururi saa kumi na moja na nusu.

Kutoka Bururi barabara huporomoka kuelekea ziwani zaidi ya mita 1,000. Giza lilitukuta kwenye kona za kwanza. Mzee alitia gia ya pili, akaliacha gari lishikwe na injini, na mguu wake ukawa unagusa breki mara chache tu kabla ya kona. Nilikuwa nimekigeuza kile kioo taratibu wakati wa chai, nikakiweka sawa, naye aliona asiseme kitu. Basi nikawa natazama taa nyuma yetu: za fundi, za shemeji, za basi dogo. Halafu nikaona za fundi na za shemeji tu. Halafu za fundi peke yake. Halafu taa za fundi zikawa zinawaka na kuzimika, kuwaka na kuzimika, mbali, mahali pamoja.

"Baba," nikasema, "wamesimama."

"Tusonge mbele. Tutawangoja bondeni."

"Baba, watoto wamo katika gari la nyuma."

Hakujibu. Alipita kona moja, akapita ya pili. Nilijaribu simu, haikupata mtandao. Niliuona mkono wake juu ya usukani, na nikatambua kuwa Mzee hakuwa katika mwaka 2019. Alikuwa katika mlima mwingine, na mwaka mwingine, na nyuma yake kulikuwa na watu nisiowajua. Sikuwa na neno la kumwambia mtu aliye huko. Nilikaa kimya. Kwenye kona ya tatu palikuwa na uwanja mdogo wa kuanikia mihogo. Aliingiza gari pale, akasimama, akazima injini. Tulikaa pengine dakika moja tukisikia vyura. Kisha akawasha, akageuza, akapanda tulikotoka.

Basi dogo tulilikuta upande wa mlima, tairi mbili ndani ya mfereji, moshi ukitoka kwenye magurudumu ya mbele. Hakuna aliyeumia. Kijana alikuwa ameteremka kwa gia ya tatu huku akikandamiza breki muda wote. Breki zikapata moto mpaka zikakataa kushika, naye kwa akili iliyobaki akalielekeza gari kwenye ukingo badala ya korongo. Dada yangu alikwisha kuweka mawe nyuma na mbele ya matairi, alikwisha kumtuma mtoto mkubwa na tochi kwenye kona ya juu kuwaonya wanaoshuka, na watoto wadogo walikuwa wameketi mbali na barabara wakila viazi vitamu vya mwisho. Mzee aliwahesabu mmoja mmoja kwa kuwagusa kichwa. Alihesabu mara mbili.

Fundi alitukataza kumwagia maji magurudumu yale, kwani chuma cha moto kikipata maji ya baridi hupasuka au kupinda. Tulingoja zaidi ya saa nzima yapoe yenyewe. Katika kungoja ndipo kijana alipokiri kuwa alikuwa ameendesha tangu asubuhi bila ya kupokewa, na kwamba kabla ya Bururi tayari alikuwa akiona barabara mbili. Aliona haya kusema mbele ya wazee. Na hapo ndipo lilipojulikana jambo lililonikasirisha mpaka leo: dada yangu ana leseni, huendesha gari la ghala kila juma kupeleka magunia bandarini, naye alikuwa ameketi futi mbili nyuma ya kijana yule mchovu tangu Gitega. Hakuna aliyemwuliza. Yeye naye, namlaumu pia, hakujitolea.

Mzee aliliendesha basi lile mwenyewe mpaka chini, gia ya kwanza na ya pili, na shemeji wangu mkubwa akashika gari la Mzee. Tuliingia Rumonge saa nne ya usiku. Wenye nyumba walikuwa wamelala.

Asubuhi ya Jumatatu redio ilitangaza gwaride la uhuru. Akina mama walikwenda sokoni kununua mafuta ya mawese, ambayo Rumonge ina sifa yake, na fundi alifungua magurudumu akabadilisha vitambaa vya breki kwa vile alivyobeba kwenye sanduku lake. Tulipokuwa tukijipanga kuondoka, Mzee alimwendea dada yangu akampa ufunguo wa basi. "Utatangulia wewe," alisema. "Mwendo ni wako. Mimi nitafunga nyuma."

Basi tukarudi hivyo, ziwa mkono wa kushoto, gari zito mbele na jepesi nyuma, kila nusu saa tukisimama watu wanyooshe miguu. Msidhani tulichelewa, tulifika Mugere kabla ya saa nane. Hapo pana jiwe kubwa lenye majina ya Livingstone na Stanley, waliolala mahali hapo kuanzia tarehe 25 hadi 27 Novemba 1871, baada ya kutoka kwetu Ujiji kwa mtumbwi. Walikuwa wamekuja kuuona mto Rusizi, wakakuta unaingia ziwani badala ya kutoka, na shauri la chanzo cha Nile likabaki gizani. Livingstone alifariki mwaka 1873 akiwa bado anakitafuta, na chemchemi ile aliyoizuia mtoto wetu kwa kiganja iko ng'ambo ya milima ile ile iliyokuwa mgongoni mwake.

Wenzetu walipanda kwenye jiwe kupigwa picha. Dada yangu alibaki chini amesimama kando ya basi, mkono juu ya macho, akiitazama barabara. Gari la Mzee lilitokea kwenye kona, taa zake zikiwaka mchana kweupe. Akateremka, akasalimia, akauliza kama wote wamefika.

"Ulikuwa umebaki wewe tu, Baba," akajibiwa.

Alicheka, akaomba chai. Chupa zote zilikuwa tupu.